Kona ya Gereji: Maswali yenu kuhusu kugeuza CG125 kuwa kafe resa

Ukurasa wa toleo hili tumewaachia wasomaji wanaogeuza pikipiki ndogo za zamani kuwa kafe resa: usukani wa chini, kiti cha mtu mmoja chenye nundu nyuma, na hakuna kinachoning'inia. Barua karibu zote zinahusu Honda CG125 na ndugu zake wa Kichina, kwa hiyo majibu yamefuata pikipiki hiyo. Tumeyapanga kwa kadiri kazi inavyokwenda gereji, kuanzia kuchagua pikipiki hadi rangi.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nimeonyeshwa CG125 mbili. Moja ni Honda halisi ya zamani, injini imekufa, bei ndogo. Nyingine ni ya Kichina, imepiga bodaboda miaka sita lakini inawaka. Nichukue ipi? Na itafika kilomita 160 kwa saa kama zile za Ulaya?
Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Angalia chesisi kwanza, injini baadaye, maana injini ya CG inafufuka. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga wenye pikipiki wasioweza kuipeleka kwa fundi kila mara. Ndiyo sababu kamshafti imewekwa chini na valvu zinasukumwa na fito: hakuna cheni ya taiming ya kulegea na kupiga kelele. Kipenyo cha silinda ni mm 56.5 na mpigo, yaani mwendo wa pistoni, mm 49.5. Wachina waliinakili kwa vipimo hivyohivyo, na leo pistoni, ringi na gasketi zake zinauzwa kwenye kila duka la spea za bodaboda. Ukiona namba inayoanza na 156FMI kwenye injini ya Kichina, 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo, F ni kupozwa na hewa, M ni pikipiki na I ni daraja la cc 125. Ile ya 162FMJ ni cc 150, mpigo uleule lakini kipenyo mm 62.

Sasa chesisi. Safisha shingo ya usukani kwa petroli na brashi, kisha tafuta ufa kwenye maungio ya mabomba. Chesisi ya bodaboda imebeba magunia na abiria wawili, na huchoka hapo na pale zinaposhikwa shokapu za nyuma. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) zimekwisha, jambo dogo. Nyoosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili; magurudumu yasipokaa kwenye mstari mmoja hata baada ya kurekebisha cheni, chesisi imepinda, na hilo si dogo. Kama Honda ya zamani ina chesisi iliyonyooka na namba yake inasomeka, chukua hiyo ukaifufue injini. Ujue tu kwamba za mwanzo zina umeme wa volti 6 na platini (swichi ya zamani ya kuwashia plagi), hivyo weka bajeti ya kuhamia volti 12.

Kilomita 160 sahau. Hizo ndizo maili 100 walizozifukuzia vijana wa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, waliokutana kwenye migahawa ya barabarani kama Ace Cafe ya London, lakini wao walikuwa na injini za cc 500 na 650. CG125 ina nguvu ya farasi 11 hivi, na ikiwa nzima hucheza kwenye kilomita 100 kwa saa. Faida yako iko kwenye uzito. Kila kilo unayoivua kwenye pikipiki ndogo unaihisi, kwenye kona na kwenye breki, na hiyo ni raha ya kweli.

SWALI: Nimeshakata chesisi nyuma ya shokapu na fundi kanipindia bomba la maji la nusu inchi liwe kitanzi cha mkia. Kabla hajachomelea ningependa ushauri.
Msomaji wa Nakuru

JIBU: Umeuliza kwa wakati. Bomba hilo lirudishe. Bomba la maji limepakwa zinki. Moshi wake ukichomelewa unaleta homa na kifua kubana, na zinki ikiingia kwenye weldi inaacha matundu ndani. Tafuta bomba jeusi lenye unene wa ukuta wa mm 2 na kipenyo cha nje sawa na bomba la chesisi yako. Pima kwa vernia, kwani mabomba ya nyuma ya pikipiki hizi hayalingani kutoka kiwanda hadi kiwanda, na tofauti ya mm 1 utaiona kila siku hata chini ya rangi.

Mshikizo wa juu wa shokapu usiguswe, wala kibati cha pembetatu kinachouimarisha. Mkato mzuri uko angalau mm 50 nyuma yake. Ukikata karibu zaidi, joto la weldi linafika kwenye mshikizo wenyewe, nao ndio unaobeba uzito wako wote kila unapoingia shimoni.

Usiunganishe ncha kwa ncha peke yake. Chonga kipande cha bomba au chuma kizima kiingie ndani ya mabomba yote mawili kwa kubana, urefu mm 60, nusu huku na nusu kule. Toboa matundu mawili ya mm 8 kila upande wa mkato, ili weldi ijaze matundu hayo na kukishika kipande cha ndani. Acha mwanya wa mm 2 kati ya ncha na uzipigie mlazo kwa grenda, moto upenye hadi chini. Kwa mashine ya fimbo, tumia elektrodi ya mm 2.5 kwenye ampea 60 hadi 80. Piga nukta nne kwanza, rudi nyuma hatua tano utazame kama kitanzi kimelala sawa na ekseli, ndipo umalize kwa kubadilisha pande, sentimita mbili mbili. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya mwingine, kitanzi kitavutwa upande huo.

Chomoa betri na CDI (kisanduku kinachowasha plagi) kabla ya kuwasha mashine. Klempu ya ethi ibane kwenye chesisi jirani na unapochomelea, kamwe si kwenye injini: umeme utapita kwenye beringi kutafuta njia, uache vidonda ambavyo utavisikia baada ya miezi.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hukiruka, halafu tairi linakula kiti siku ya kwanza. Pima shokapu yako inavyokuwa fupi ikishuka mpaka mwisho: chukua urefu wake wote, toa sehemu ya fimbo inayong'aa, kisha ongeza unene wa mpira wa kituo, ule unaozuia shokapu isigonge mwisho, ukiwa umebanwa. Kata vipande viwili vya flatibari vya urefu huo, vitoboe, uvifunge mahali pa shokapu. Gurudumu sasa limekaa mahali litakapofika kwenye shimo baya kuliko yote. Kati ya tairi na kitanzi, na kati ya tairi na chini ya kiti, ziwepo mm 30 angalau. Zisipokuwepo, inua kitanzi kwa kukipinda kidogo, au rudisha shokapu ndefu. Usitegemee kwamba shokapu ngumu haitafika huko.

Na weldi ikishapoa usiisage ikawa laini kama kioo. Ondoa vichomozi tu. Kinachobaki ndicho kinachobeba.

SWALI: Nataka kutengeneza kiti cha faiba mwenyewe. Mara ya kwanza nilitumia stairofomu kama umbo, resini ikaila yote. Nikosee wapi tena?
Msomaji wa Mwanza

JIBU: Resini ya poliesta huyeyusha stairofomu, ni kawaida yake. Chonga umbo lako, kisha lifunike lote kwa solotepu pana ya kufungia maboksi bila kuacha mwanya, upake nta ya viatu isiyo na rangi au ya sakafu mara mbili. Hapo resini haitaifikia.

Kiti cha CG chenye nundu kina eneo la robo mita ya mraba hivi. Kwa matabaka matatu ya mati (kitambaa cha nyuzi za kioo) ya gramu 450 kwa mita ya mraba utatumia mati gramu 340 hivi, na resini mara mbili hadi mara mbili na nusu ya uzito huo, yaani gramu 700 hadi 850. Nunua kilo moja. Kigumishi ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, na kwa joto la Mwanza mchana shika asilimia 1: gramu 3 kwa kila gramu 300. Changanya gramu 300 kwa mara moja, usizidishe, kwa sababu resini iliyojaa kwenye kopo hujipasha moto yenyewe na kuganda ukiwa bado umeshika brashi. Ukiongeza kigumishi ili iwahi, kiti kinapinda na kupasuka ukingoni. Vaa miwani: tone la kigumishi jichoni linaweza kukupofusha.

Gandamiza kila tabaka kwa brashi ya kugongagonga hadi weupe wa mati upotee. Weupe uliobaki ni hewa, na hapo ndipo kiti kitavunjika. Ukingoni na kwenye matundu ya bolti weka tabaka la nne. Bolti za M6 zisikamate faiba tupu. Laza kibati cha mm 3 kati ya matabaka na bolti ipite humo, kisha chini yake weka bushi ya mpira, la sivyo mtikisiko wa silinda moja utalipanua tundu kwa wiki chache. Uso wa juu ukibaki unanata baada ya siku nzima usiogope. Hewa huzuia poliesta kukauka juu. Futa kwa asetoni, piga msasa namba 120, endelea.

Povu la godoro la kawaida halifai, linalala chini ukalia juu ya faiba. Tumia povu gumu la mm 30, juu yake laini la mm 10, yakiwa yamegandishwa kwa gundi ya viatu. Chini ya mm 40 kwa jumla hutafika mbali bila kusimama.

SWALI: Nimefunga klipuoni (usukani wa vipande viwili unaobana kwenye shokapu za mbele) chini ya sahani ya juu ya usukani na kuzipandisha shokapu za mbele mm 25 ndani ya sahani. Sasa pikipiki inakuwa na papara kwenye lami, na nikikata kona kushoto injini inapanda resi yenyewe.
Msomaji wa Arusha

JIBU: Hilo la pili ni la hatari, lianze. Waya wa akselereta ni mfupi au umepita njia mbaya, usukani ukigeuka unauvuta. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kuvutwa akselereta, geuza usukani mwisho kulia, kisha mwisho kushoto. Mlio usibadilike hata kidogo. Waya wa asili ulikatwa kwa usukani wa juu, kwa hiyo ukiwa na klipuoni unabaki mrefu, na mafundi huukunja kwa kona kali nyuma ya taa. Upitishe kwa pinda pana, au tengenezesha mwingine wenye kipimo chako. Kluchi na breki ya mbele nazo zikaguliwe vivyo hivyo.

Papara inatokana na kushusha mbele. Urefu kati ya magurudumu ya CG ni karibu mm 1,280. Ukishusha mbele mm 25, shingo inasimama zaidi kwa nyuzi 1 hivi, na ule umbali ambao tairi hufuata nyuma ya mstari wa usukani unapungua kwa takribani mm 7. Umbali huo ndio unaoinyoosha pikipiki. Kama pia umeweka shokapu za nyuma ndefu, umepunguza mara mbili. Zirudishe shokapu za mbele hadi zitokeze mm 10 tu, na kabla ya kulaumu kipimo kagua beringi za usukani: inua gurudumu la mbele, geuza polepole, kama kuna mahali panakwama katikati, beringi zimejichimbia vidonda na papara haitaisha.

Hakikisha pia vidole havibanwi kati ya klipuoni na tangi. Ongeza kipande cha chuma cha mm 4 hadi 6 kwenye kituo cha usukani pande zote mbili, bila kupunguza kona kiasi cha kushindwa kugeuza barabarani. Kwa anayeendesha kila siku, sisi tungechagua usukani mnyoofu wa mm 22 juu ya sahani. Mgongo unalala vya kutosha, waya zinafika, na viganja havifi ganzi.

SWALI: Nimesogeza futresti nyuma sm 20. Breki ya mguu imekuwa laini haishiki, na gia zimegeuka: nikikanyaga inapanda badala ya kushuka.
Msomaji wa Likoni, Mombasa

JIBU: Gia ni rahisi. Kile kikono kidogo kilicho kwenye shafti ya gia boksi kitoe, kigeuze kitazame upande wa pili, juu au chini, ukirudishe. Mwendo wa fito utageuka nao. Fito iwe na kipenyo cha mm 6, ncha moja uzi wa kulia na nyingine uzi wa kushoto, ili uirekebishe kwa kuizungusha bila kuifungua. Pedali ikiwa katikati, fito ikutane na vikono vyote viwili kwa pembe mraba. Isipokuwa hivyo, gia moja inaingia vizuri na inayofuata inagoma, nawe utaanza kufungua kluchi isiyo na kosa.

Breki ni hesabu ya mkono wa nguvu. Tuseme pedali ya awali ilikuwa na mm 150 kutoka egemeo hadi mguu, na mm 30 kutoka egemeo hadi fito: nguvu ya mguu inazidishwa mara 5. Pedali mpya ikiwa na mm 100 na mm 40, inazidishwa mara 2.5. Umepoteza nusu ya breki bila kugusa viatu vyake. Pima yako, kisha sogeza tundu la fito karibu na egemeo hadi uwiano urudi. Pedali itashuka zaidi kabla ya kushika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwenye ngoma, kikono cha breki kikaribie pembe mraba na fito pale viatu vinaposhika. Kikiwa kimeshapita hapo, kitoe kwenye meno ukirudishe nyuma jino moja.

Kuna chuma kirefu kinachounganisha sahani ya ngoma na mkono wa nyuma. Tumeona picha za kafe resa ambazo kimeondolewa eti kinaharibu sura. Hicho ndicho kinachoizuia sahani isizunguke na gurudumu unapofunga breki. Bila yake sahani inazunguka, inaivuta fito, gurudumu linajifunga lenyewe na unaanguka. Kibaki, na bolti yake iwe na pini.

Futresti ya kulia iwe ya kukunjika, la sivyo kiki haitashuka.

SWALI: Nilivua boksi la filta nikafunga filta ya koni kwenye kabureta ya PZ26. Inapiga makombora nikiachia akselereta, inakohoa nikifungua ghafla, na haivuki kilomita 75. Fundi kasema niongeze sailensa tu.
Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Injini inakosa mafuta. Boksi la filta lilikuwa likiibania hewa kwa kipimo, na jeti (vitundu vinavyopima mafuta ndani ya kabureta) zilichaguliwa kwa kipimo hicho. Sasa hewa imeongezeka, mafuta yaleyale. Kuongeza sailensa hakutibu chochote. Ukiendelea hivi utatoboa pistoni.

Kabla ya jeti, itazame filta yenyewe. Ndani ya mdomo wa kabureta, chini, kuna vitundu vidogo vya hewa. Filta nyingi za bei rahisi zina mdomo wa mpira unaoviziba, na hapo hakuna jeti itakayokuokoa. Kata mpira huo au tafuta filta nyingine. Kisha hakikisha hakuna hewa inayoingia kati ya kabureta na silinda: injini ikiwa sailensa, nyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya nywele kwenye maungio, mlio ukibadilika, badilisha gasketi au oringi. Valvu nazo zipimwe injini ikiwa baridi, mm 0.08 zote mbili, na plagi ya D8EA iwe na mwanya wa mm 0.6 hadi 0.7. Ukirekebisha kabureta juu ya valvu zilizobana, unajenga juu ya mchanga.

Kabureta ya PZ26 inafanya kazi kwa ngazi. Robo ya kwanza ya akselereta ni ya jeti ndogo na skurubu yake. Katikati ni ya sindano. Robo ya mwisho ni ya jeti kubwa. Anza juu. Namba ya jeti kubwa imechongwa juu yake. Kama ni 95, nunua 100, 105 na 110, ni vipande vya bei ndogo. Panda hatua moja, tafuta barabara iliyo wazi na salama, gia ya tatu, fungua hadi mwisho mita mia tatu, kisha kwa pamoja bana kluchi na uzime. Toa plagi. Porselini nyeupe kama chaki: ongeza. Nyeusi yenye masizi makavu: umezidisha, rudi hatua moja. Unachotaka ni rangi ya chai ya maziwa, na kwa petroli ya siku hizi inaweza kuwa hafifu zaidi ya hapo.

Jeti kubwa ikishakaa, nenda katikati. Klipu ya sindano ishushe mfereji mmoja: klipu ikishuka sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Mwisho skurubu. Ikiwa iko upande wa filta, inadhibiti hewa, na kuifunga kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inadhibiti mafuta, na kuifungua ndiko kunakoongeza. Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka imefungwa, kisha robo robo hadi mlio uwe juu na tulivu. Makombora ya kuachia akselereta yakibaki baada ya hapo, kagua gasketi ya ekzosi kwenye hedi: hewa inayovuja hapo hupiga mlio uleule.

Mpira wa pumzi ya injini uliokuwa ukiingia kwenye boksi usiuzibe. Uwekee filta ndogo, uelekeze chini. Ukizibwa, oili itatafuta sili ya kutokea.

Ukihamia Arusha au Nairobi, rudi hatua moja au mbili. Kwenye mita 1,400, kama Arusha, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani, na jeti iliyokaa sawa Dar itatoa mafuta mengi kule.

Kwa barabara za vumbi, lakini, tungelirudisha boksi la asili. Filta ya koni iliyo wazi nyuma ya tairi hula vumbi, na vumbi linamaliza ringi kabla hujafurahia pikipiki. Boksi linaweza kufichwa nyuma ya vibati viwili vya pembeni, na sura haipotei.

SWALI: Taa ya mbele ya LED inapepesa ikiwa sailensa, na indiketa za LED zote nne zinawaka hata nikiweka upande mmoja.
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Kwenye nyingi za CG hizi, taa ya mbele haipati umeme wa betri, inapata umeme wa AC moja kwa moja kutoka koili za magneto. Balbu ya wati 35 haijali, waya wake hubaki na joto kati ya mapigo. LED huzima na kuwaka kila pigo. Suluhisho la kweli ni kuondoa ethi ya koili za taa, kuweka rektifaya ya mawimbi yote, na kupeleka umeme wote kwenye betri. Kazi hiyo inachukua siku nzima. Kama huna fundi umeme unayemwamini, rudisha balbu ya wati 35.

Indiketa zina kasoro kwenye taa ndogo ya dashibodi. Ni moja tu, imeunganishwa kati ya waya wa kulia na wa kushoto, na LED zinakubali hata umeme mdogo unaopita humo. Toa ncha zake zote mbili, weka diodi ya 1N4007 kwenye kila upande, mistari yake ya fedha ikitazama taa, unganisha hapo ncha moja ya taa na nyingine peleka ethi. Flasha nayo iwe ya kielektroniki, kwani ile ya zamani hutegemea mzigo wa balbu.

Ukitaka betri ndogo ya kufichwa chini ya nundu, angalia kwanza CDI yako. Ya AC huwaka hata betri ikiwa imekufa, ya DC haiwaki. Betri yoyote, fyuzi ya ampea 10 iwe ndani ya sm 15 kutoka chanya.

SWALI: Tangi la zamani lina kutu ndani. Jirani anasema nichomelee kitundu kilichopo chini, kisha nitie asidi ya betri.
Msomaji wa Unguja

JIBU: Yote mawili usiyafanye. Tangi tupu lililowahi kuwa na petroli ni bomu. Mvuke hujificha kwenye mikunjo ya bati hata baada ya kuoshwa, na watu wamekufa hivyo. Kitundu cha ncha ya pini kizibwe kwa risasi ya kulehemu kwa pasi ya moto, tangi likiwa limejazwa maji hadi karibu na kitundu, au kwa epoksi ya matangi. Asidi ya betri inakula bati zima pamoja na kutu.

Nunua asidi ya sitriki ya unga, gramu 50 kwa kila lita ya maji ya moto, yaani nusu kilo kwa tangi la lita 10. Ndimu zina asidi hiyohiyo, lakini sukari na nyuzi zake zitakuzibia kabureta. Toa koki, ziba tundu lake, tia nati za M8 ishirini, na uzihesabu, tikisa, jaza, acha usiku mzima. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, suuza tena, kausha mara moja kwa mashine ya kukaushia nywele. Kwa hewa ya chumvi ya Unguja kutu mpya inaanza kuonekana ndani ya saa moja, basi petroli iliyochanganywa na oili kidogo iwe tayari pembeni, uimimine na kulizungusha tangi. Toa nati zote ishirini.

SWALI: Niweke sproketi ya mbele ya meno 16 badala ya 15 ili ikimbie zaidi?
Msomaji wa Kisumu

JIBU: Kwa 15 na 42 uwiano ni 2.8, kwa 16 na 42 ni 2.63, gia ndefu kwa asilimia 6 hivi. Kwenye tambarare injini itatulia. Kwenye mlima, au upepo ukiwa usoni, farasi 11 hawataivuta gia ya mwisho na utarudi ya nne. Ijaribu baada ya kabureta kukaa sawa, si kabla, na uhakikishe cheni ya 428 haigusi kava.

SWALI: Chesisi naipaka rangi ya unga ya kuoka. Kuna cha kuangalia? Na kadi ya pikipiki?
Msomaji wa Moshi

JIBU: Ifunge pikipiki nzima kwanza ikiwa bati tupu, na matairi, ekzosi, waya zote, uiendeshe wiki mbili. Utagundua kishikizo kimoja kimesahauliwa, na hakuna anayependa kuchomelea juu ya rangi mpya. Ndipo uivue na kuipeleka.

Namba ya chesisi isisagwe wala kuzikwa chini ya rangi nene. Ifunike kwa tepu ya joto. Kama rangi iliyoandikwa kwenye kadi inabadilika, au umeweka injini yenye namba nyingine, nenda TRA ukabadilishe taarifa, na walioko Kenya NTSA. Kabla ya oveni tia bolti za zamani kwenye matundu yote yenye nyuzi, ziba viti vya beringi za usukani na tundu la ekseli ya mkono wa nyuma, kwani rangi ya unga ina unene wa kutosha kuzuia beringi isiingie. Ikirudi, kwangua rangi hadi chuma king'ae chini ya bolti ya ethi na pale koili inapokaa, upake grisi kidogo juu yake kabla ya kufunga.